Jinsi ya kuonyesha filamu za sanaa kila mwezi katika ukumbi wa mtaani: mwongozo kutoka Kisumu

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, ukumbi wetu mdogo wa maigizo hapa Kisumu hutundika kitambaa cheupe jukwaani na kuonyesha filamu ya hali halisi kuhusu sanaa: mchongaji, mfinyanzi, mwimbaji, mpiga picha. Filamu ikiisha taa zinawashwa, na msanii wa hapa hapa mjini anaketi mbele ya watu akiwa na kazi yake mikononi. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyowarudisha watu mwezi uliofuata, na hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu yake. Kama mna ukumbi Kakamega, Kisii, Busia, Nakuru au hata darasa kubwa la shule huko Maseno, mnaweza kufanya hivi.

Hatua ya 1: Tafuta msanii kwanza, filamu baadaye

Wengi huanza na filamu. Wanasikia imeshinda tuzo, wanaitafuta, wanaionyesha, na watazamaji kumi na wawili wanapiga makofi ya heshima na kuondoka. Nasi tulianza hivyo. Siku hizi tunaanza na swali hili: ni nani hapa karibu ambaye anafanya kazi ya sanaa kwa mikono au sauti yake, na atakubali kukaa nasi jioni moja?

Mwezi mmoja tulionyesha filamu fupi ya mfinyanzi wa nchi ya mbali. Tulikuwa tumemwalika mama mmoja anayefinyanga vyungu vya maji na kuviuza sokoni. Aliketi safu ya pili, leso mabegani, kimya. Mfinyanzi wa kwenye filamu alipoanza kuinua ukuta wa chungu, yule mama akasema gizani, kwa sauti ya kawaida kabisa: “Udongo wake haujakandwa ukatosha. Huo utapasuka.” Dakika chache baadaye tanuri lilifunguliwa, na chungu kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. Ukumbi mzima ulipiga kelele.

Taa zilipowaka hakuna aliyeuliza kuhusu mwongozaji wa filamu. Kijana mmoja alisimama akasema, “Mama, ulijuaje?” Mama akachukua donge la udongo alilokuja nalo kwenye karatasi ya nailoni, akalikata katikati kwa uzi, akalinyanyua tuone. Ndani mlikuwa na vitundu kama vya mkate. “Hapa ndipo hewa na maji vinapojificha, wanangu. Moto ukiingia, vinatafuta njia ya kutoka.” Kisha akalikanda upya kwa kiganja, akilikunja na kulisukuma, labda mara hamsini, akalikata tena. Safari hii lilikuwa laini kama sabuni. Tulikaa hadi mlinzi akaja kutukumbusha saa.

Kwa hiyo chukua daftari uandike majina. Hapa Magharibi na Nyanza hutakosa: wapiga nyatiti na orutu (ala za nyuzi za Waluo), wafinyanzi, wasukaji wa mafunjo na magugu maji kule Dunga, wachoraji wa mabango ya maduka na wa mapambo ya matatu, wachongaji wa mawe ya Kisii kutoka Tabaka, mafundi wa ngoma. Ukishakuwa na majina sita una nusu mwaka wa maonyesho.

Ndipo sasa utafute filamu inayomfaa kila mmoja. Nitatoa mifano mitatu ya filamu ambazo ningempa mtu yeyote anayeanza.

Kwa jioni ya mwimbaji, iko As Old as My Tongue ya mwaka 2006, ya Andy Jones, inayomhusu Bi Kidude wa Zanzibar, bingwa wa taarabu na ngoma za unyago aliyefariki Aprili 2013. Faida yake kwetu ni kubwa: utasikia Kiswahili kutoka kinywani mwa msanii mwenyewe.

Kwa jioni ya mchongaji, iko Les statues meurent aussi ya 1953, ya Chris Marker, Alain Resnais na Ghislain Cloquet. Ina dakika 30 tu, inazungumzia sanamu za Afrika zilizofungiwa kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya, na sehemu yake ya mwisho ilizuiwa Ufaransa kwa miaka kadhaa kwa sababu ilikosoa ukoloni waziwazi. Ukiwa na mchongaji wa Tabaka chumbani, mazungumzo hayatakauka. Mkumbushe kila mtu kwamba Elkana Ong'esa, mtoto wa Tabaka, ana sanamu yake ya ndege wa amani katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Jiwe kutoka kilima cha Kisii limefika huko kwa mlango wa mbele.

Na kwa jioni ya wanafunzi kuna Dahomey ya Mati Diop, ya mwaka 2024, dakika 68, iliyotwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Inafuata vitu 26 vya kifalme vilivyorudishwa Benin kutoka Paris mwaka 2021, na ndani yake wanafunzi wa chuo kikuu wanabishana vikali kama kurudisha 26 ni heshima au ni dharau. Wakenya tuna sababu ya kuitazama: utafiti wa makumbusho umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko katika makumbusho ya nje. Mwalike mtu wa Makumbusho ya Kisumu akae mbele.

Hatua ya 2: Omba ruhusa

Kununua DVD au kulipia mtandao wa filamu nyumbani hakukupi haki ya kuionyesha filamu mbele ya umma. Haki hiyo ni ya mwenye filamu au msambazaji wake, na lazima aitoe kwa maandishi. Usiruke hatua hii. Sisi tunawaheshimu wasanii jioni nzima, hatuwezi kuanza kwa kumwibia mmoja wao.

Barua yako iwe fupi, na iseme mambo haya bila kuzunguka: ninyi ni nani, ukumbi unachukua watu wangapi, tarehe, mtaonyesha mara ngapi, mtatoza kiingilio au la, na kwamba hakuna atakayerekodi. Watengenezaji wengi wa filamu ndogo hujibu wenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo limetufungulia milango kuliko lingine lolote: ahidi kumtafsiria filamu yake kwa Kiswahili na kumpa faili la tafsiri bure. Kwake hiyo ni zawadi yenye thamani, kwako ni kazi ambayo ungeifanya hata hivyo. Omba idhini ya kutafsiri katika barua ile ile, maana tafsiri nayo ni haki yake.

Kwa filamu za Kifaransa, Institut français ina mtandao wake uitwao IFcinéma unaowahudumia washirika wanaoonyesha filamu bila biashara. Goethe-Institut ya Nairobi ni mlango wa kugonga kwa filamu za Kijerumani. Kwa kazi za Afrika Mashariki, waandikie Docubox, mfuko wa filamu za hali halisi ulioko Nairobi, watakuelekeza kwa watengenezaji wenyewe.

Anza miezi miwili mapema.

Hatua ya 3: Bodi ya filamu

Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, filamu inayoonyeshwa kwa umma nchini Kenya hupitiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, na kupewa daraja: GE kwa wote, PG kwa watoto wakiwa na mzazi, 16 na 18. Mwonyeshaji naye anahitaji leseni. Nenda ofisi ya kanda iliyo karibu, uliza ada ya wakati huo, na uulize pia kuhusu bango lako la matangazo, kwa kuwa nalo huangaliwa. Andika daraja la filamu kwenye bango ili mzazi ajue kama aje na mtoto. Mjulishe chifu pia. Mkutano wa usiku wenye magari na watu wengi usimshtue mtu.

Hatua ya 4: Lugha

Hapa ndipo maonyesho mengi hufa bila mtu kujua yamekufa kwa nini. Watu hawatasema hawakuelewa. Wataacha tu kuja.

Njia bora ni maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Faili la maandishi hayo huitwa SRT, na ndani yake hakuna uchawi. Ukilifungua kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu utaona kitu kama hiki:

12
00:03:41,200 --> 00:03:44,900
Ngoma hii niliachiwa na bibi yangu.

Namba ya mstari, muda wa kuingia na kutoka, kisha maneno. Usiguse namba wala muda. Badilisha maneno tu, hifadhi kwa mfumo wa herufi uitwao UTF-8, na ulipe faili jina lile lile la filamu. Ukiweka yote mawili kwenye folda moja, VLC, programu ya kuchezea filamu, italifungua lenyewe. Maandishi yakichelewa au kuwahi, herufi G na H kwenye kibodi huyarekebisha wakati filamu ikiendelea.

Ugumu uko kwenye kufupisha. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na macho hayawezi kusoma mistari mitatu kwa sekunde tatu huku yakitazama mikono ya mchoraji. Jipe mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 40 hivi. Mtu akisema, “Mimi kwa kweli nilikuwa nimeanza kuchora tangu nilipokuwa mtoto mdogo kule kwetu kijijini,” andika, “Nilianza kuchora utotoni, kijijini.” Mgawane kazi watu watatu, kisha mmoja aipitie yote asome kwa sauti. Tafuteni maneno ya kazi kwa wenye kazi: mfinyanzi atakuambia kukanda, kusawazisha, kuanika, kuchoma. Ni bora kuliko kuketi na kamusi.

Kama muda umekwisha, mweke mtu mwenye ulimi mwepesi na maikrofoni kando ya jukwaa atafsiri moja kwa moja. Wakenya tumelelewa na hilo katika vibanda vya video, na DJ Afro, msimulizi maarufu wa filamu, amethibitisha kwamba mfasiri hodari anaweza kuipa filamu uhai mpya. Kwa filamu ya sanaa, mwombe azungumze kidogo na aache nafasi muziki usikike. Na awe ameitazama filamu angalau mara mbili kabla.

Hatua ya 5: Picha na sauti

Projekta ya lumeni 3,000 au zaidi inatosha ukumbi wa watu mia moja, mradi ukumbi uwe na giza. Madirisha ya magharibi ndiyo adui: jua la machweo linaingia moja kwa moja hadi karibu saa 12 na nusu jioni. Shona mapazia meusi mazito ya madirisha hayo tu, mengine yanaweza kungoja.

Kitambaa cha picha tulishona wenyewe kwa marekani nyeupe, vipande viwili, kwa fundi wa mtaani, kikapindwa pembeni na kupitishwa kamba, kisha tukakivuta kwenye fremu ya mbao hadi kikakaza kama ngozi ya ngoma. Mkunjo wowote utaonekana usoni mwa msanii. Zungushia ukingo wa kitambaa cheusi, picha itaonekana kung'aa zaidi. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo picha ya mita 3 inataka mita 4 na nusu hivi.

Jambo moja ambalo hakuna aliyetuambia: maandishi ya chini ndiyo ya kwanza kuzibwa na vichwa. Ukingo wa chini wa kitambaa uwe mita moja na nusu kutoka sakafuni. Kama dari ni fupi, VLC ina mpangilio wa kupandisha maandishi juu zaidi kwenye picha. Keti safu ya nyuma, mweke mtu mrefu mbele yako, na usome.

Sauti ina uzito kuliko picha. Watu watavumilia picha hafifu, lakini wasiposikia watatoka. Weka spika mbili mbele, kushoto na kulia, juu ya vichwa vya watu, zikiinamia safu za nyuma. Kuta za saruji hurudisha mwangwi, basi tundika mikeka, mablanketi au leso ukutani nyuma. Kisha mpeleke mtu mmoja safu ya mwisho, afumbe macho, arudie kila neno analosikia kwenye filamu. Akikwama, punguza besi kwenye miksa kabla ya kuongeza sauti.

Filamu iwe ndani ya laptopu na nakala ya pili kwenye flashi. Usitegemee intaneti ya siku hiyo hata kidogo.

Hatua ya 6: Stima na mvua

Projekta hula wati 300 hivi, spika na miksa 300 au 400, laptopu chini ya 100. Jumla haifiki kilowati moja, kwa hiyo jenereta ndogo ya kVA 2 inatosha. Iweke nje, mbali na madirisha na milango, moshi ukielekea upande usio na watu, wala usiiongeze mafuta ikiwa inanguruma. Projekta ipitie kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshika stima inapokatika: stima ikipotea ghafla, feni inahitaji dakika chache kuipoza taa, la sivyo taa inaharibika, na taa mpya ni ghali.

Mvua ni habari nyingine. Paa letu ni la mabati, na kuanzia Machi hadi Mei mawingu hukusanyika jioni juu ya ziwa na kushuka kwa kishindo. Mvua ikigonga mabati hakuna spika itakayoishinda. Mwaka wa kwanza tulibishana nayo, tukapandisha sauti hadi ikakwaruza, watu wakaziba masikio. Sasa tunasimamisha filamu, tunawasha taa, tunasogeza viti kuwa duara, na msanii anaanza sehemu yake mapema. Kazi ya mikono haihitaji kimya. Mvua ikipungua tunarudi tulipoachia.

Kuonyesha nje karibu na ziwa sikushauri. Wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga kwa maelfu, watajaa kwenye lenzi na kwenye kitambaa hadi uso wa msanii usionekane.

Hatua ya 7: Siku, saa na kiingilio

Ijumaa na Jumamosi watu wetu wengi wako njiani kwenda mazishini nyumbani, na Wasabato wana siku yao. Katikati ya mwezi mifuko ni mikavu. Ndiyo maana tulichagua Alhamisi ya mwisho, na hatujaihamisha hata mara moja. Mtu akijua siku bila kuuliza, umeshinda nusu ya kazi ya matangazo.

Milango inafunguliwa saa 11 na nusu jioni kwa chai na njugu. Filamu inaanza saa 12 kamili, wawepo watu ishirini au mia. Saa 2 usiku kila mtu awe nje, maana matatu za Kiboswa na Ahero hupungua, na nauli hupanda mvua ikinyesha. Kwa sababu hiyo sipendi filamu inayozidi dakika 70. Usiikate ndefu, chagua fupi.

Tunatoza shilingi 100, wanafunzi 50, kwa M-Pesa au taslimu mlangoni, na nusu ya makusanyo ni ya msanii wa jioni hiyo. Kiwango cha chini atakachopata tunakubaliana naye mapema na kukiandika. Asiitwe kwa “kujitolea”. Tangazo lipite kwa msanii mwenyewe pia: mfinyanzi huwaleta wafinyanzi wenzake, na mchoraji wa matatu huja na kituo kizima.

Hatua ya 8: Mazungumzo

Mwendeshaji asiulize, “Mmeonaje filamu?” Swali hilo huleta kimya. Amgeukie msanii na kumwuliza jambo la kazi: “Wewe ungelianzia wapi jiwe lile?” au “Nyatiti yako ina nyuzi nane, ukikatika mmoja katikati ya wimbo unafanyaje?” Mikono ikianza kuonyesha, maswali yatakuja yenyewe.

Maiki ipelekwe nyuma kwanza, kwa wale wasiozoea kusimama. Mtu akitaka kuuliza kwa Dholuo, Kiluhya au Ekegusii, mwache aulize, na mwingine atafsiri. Msanii akiwa mzee, aketi kwenye kiti chenye mgongo, na maji karibu. Watoto waruhusiwe kugusa kazi kama mwenyewe ameridhia. Mwisho utangaze jina la msanii wa mwezi ujao na sanaa yake. Jina la filamu lifuate.

Baada ya watu kuondoka

Zima projekta kwa kitufe chake na usichomoe waya hadi feni inyamaze. Kunja marekani kwa kuizungushia kwenye mti, isipate mikunjo. Hesabu pesa mbele ya msanii na umpe fungu lake usiku huo huo.

Kisha mwandikie mwenye filamu kabla ya Jumatatu: watu wangapi walikuja, na swali moja lililoulizwa ukumbini, kwa maneno ya aliyeuliza. Mfinyanzi yule wa nchi ya mbali tulimtumia maneno ya mama kuhusu udongo wake, kupitia kwa aliyemrekodi. Jibu lilichukua wiki tatu. Aliomba tumwulize mama anakanda mara ngapi.